Mama Yake Alizikwa Ng'ambo

Kikao kilianza baada ya alasiri, barazani kwa marehemu baba mkubwa, Pangani. Tulikuwa watu 17, vikombe vya kahawa sita, na jambo moja tu: shamba la minazi ambalo babu mzaa babu yangu aliliacha bila kugawanywa. Minazi yenyewe imezeeka, mingine imekatika vichwa, na kwa miaka mingi hakuna aliyeulizia hata dafu. Mwaka huu akatokea mnunuzi, basi kila mtu akakumbuka kuwa ana ukoo.

Mahakama ya mwanzo haimteui msimamizi wa mirathi kwa maneno ya barazani. Inataka muhtasari wa kikao cha ukoo, na ndani yake orodha ya warithi. Nikapewa kalamu mimi, kwa kuwa nimesoma na, nadhani, kwa kuwa mwenye kuandika hapati nafasi ya kusema sana.

"Haya, marehemu mwenye shamba aliacha watoto wangapi?" akauliza mzee aliyeongoza.

"Watatu," akajibu mmoja.

"Wanne," akadakia mwingine.

Kisha sauti ya mama mmoja ikatoka pembeni karibu na mlango, taratibu, kama mtu anayetaja bei ya samaki: "Watatu na mmoja."

Hakuna aliyegusa kikombe tena. Huyo "mmoja" ni babu yangu.

Sikuandika kitu, na kikao kikaahirishwa kwa kisingizio cha magharibi. Usiku ule nikavuta kutoka chini ya kitanda faili la plastiki la kijani, kona zake zimeliwa na joto, ambalo nimelihamisha nyumba nne kwa zaidi ya miaka kumi bila kujua hasa ninalitunzia nini. Nilipewa nikiwa Marekani, mahali ambapo watu hulipa kiingilio wafundishwe namna ya kuwatafuta babu zao.

Februari 2015 nilikuwa Utah nikisoma umwagiliaji. Mwenzangu wa darasani aliniuzia kwa bei ya soda tiketi ya mama yake aliyekuwa anaumwa: maonyesho ya historia ya familia yaitwayo RootsTech, yanayofanyika Salt Lake City tangu 2011. Kwangu mimi maonyesho ni Sabasaba. Nilikwenda nikitarajia vikaragosi, bendi na sampuli za kuonja bure.

Nikakuta jumba zima la wazee. Wengi walikuwa wakiburuta mabegi ya magurudumu yaliyojaa mafaili, wakisalimiana kwa kuulizana wamefika mwaka gani. "Nimekwama 1790," mtu anasema, na mwenzake anampa pole ya kweli kabisa. Penye meza moja kulikuwa na foleni ya watu wanaosubiri kutemea mate kwenye vijichupa ili wapimwe vinasaba, nao walikuwa wametulia kama watu walio kwenye foleni ya kupiga kura.

Sababu ya mambo hayo kuwa Utah ni dini. Waumini wa kanisa ambalo wafuasi wake wengi wetu tunawaita Wamormoni huamini kuwa familia yaweza kuunganishwa hata baada ya kifo, na kwamba aliye hai aweza kubatizwa kwa niaba ya aliyefariki. Ili ubatizwe kwa niaba ya mtu, sharti umjue jina. Kwa hiyo mwaka 1894 wakaunda chama cha kutafuta nasaba, mwaka 1938 wakaanza kupiga picha vitabu vya ubatizo, ndoa na vifo vya dunia nzima kwenye mikrofilamu, na filamu hizo, roli zaidi ya milioni mbili, wakazihifadhi katika ghala lililochimbwa ndani ya mlima wa mawe nje ya mji. Maktaba yao mjini ina ghorofa tano na haibagui dini ya anayeingia. Mimi niliingia na kofia yangu ya kiua, nikakaribishwa vizuri.

Lakini nilianza na meza ya msaada pale ukumbini. Aliyenihudumia alikuwa bibi wa kujitolea, miwani imefungwa kamba shingoni. Akaniuliza jina la ukoo. Nikampa jina langu la tatu. Akaandika kwenye kompyuta, akaongeza Tanganyika, akaongeza Pangani. Hakuna kitu.

"Hili ndilo jina la baba yako pia?"

"Hapana. Hilo ni la babu. La mwisho la baba ni la babu yake yeye."

"Na mwanao ataitwaje?"

"La kwake la mwisho litakuwa la baba yangu."

Akavua miwani. Nikamweleza kuwa kwetu jina la tatu halikai, linashuka ngazi moja kila mtoto anapozaliwa, na la zamani linadondoka huko nyuma. Alifikiri kidogo, akageuza ile fomu yenye visanduku upande wake mweupe, akanipa penseli. Anza na wewe, akasema, halafu panda ngazi moja. Ukishaijaza, panda nyingine. Usiruke.

Nikachora. Alipoona nimeandika baba watatu akacheka, akauliza inakuwaje. Nikamwambia mmoja alinizaa, mwingine ni mkubwa wake, mwingine mdogo wake, na aliyenilipia ada ya sekondari ni yule mdogo. Hakunirekebisha. Alisema niwaache wote watatu, ila nitie alama ya nani kazaa na nani kalea, kwa sababu karatasi za serikali zitamtafuta mmoja na watu wa nyumbani watamtaja mwingine, na mimi nitapotea katikati. Ushauri huo umenifaa mara nyingi kuliko shahada.

Ngazi ya nne nikakwama. Upande wa baba yake babu nilikuwa na jina, na la baba yake, na la baba wa baba yake, hadi Omani, yote yameunganishwa kwa "bin" kama shanga. Upande wa mama yake babu palikuwa peupe. Bibi akagonga penseli pale peupe. "Na huyu?"

Nikasema simjui. Ilikuwa mara ya kwanza katika umri wangu kuligundua hilo. Kiswahili kina mjukuu, kina kitukuu, kina kilembwe, majina ya wanaoshuka hayatuishi mdomoni. Kupanda juu tuna babu na bibi, kisha tunaanza kurudia maneno. Hata hivyo sikuwa na sababu ya kuusingizia msamiati. Baba yake babu nilimjua kwa kuwa alitajwa kila Idi, na mama yake hakutajwa hata siku moja.

Mchana nikaingia darasa la ushahidi. Mwalimu alionyesha picha ya jiwe la kaburi lenye tarehe mbili, ya kuzaliwa na ya kufa, akatuuliza ipi ni ya kuaminika zaidi. Ya kufa, akasema, kwa sababu aliyechongesha jiwe alikuwepo mtu alipokufa. Ya kuzaliwa kaambiwa, na huenda na marehemu mwenyewe, ambaye naye kaambiwa. Jiwe ni moja, maandishi ni ya mkono mmoja, lakini habari zake mbili zina uzito tofauti. Kwa hiyo kila unapoandika jambo, andika nani kasema, alijuaje, alikuwa na umri gani, na ana maslahi gani.

Wenzangu walikuwa wakiandika kwa kasi. Mimi niliweka kalamu chini nikatabasamu peke yangu, maana mambo haya nilikuwa nimeyasoma Pangani nikiwa na miaka kumi, nimekalia jamvi. Ni isnadi. Fulani kapokea kwa fulani, naye kapokea kwa fulani. Mpokezi mmoja akiwa dhaifu, maneno yote yanayumba hata yakiwa matamu. Maalimu wetu alitupa bakora kwa kusahau mpokezi mmoja. Ila hatukuwahi kuichukua elimu ile tukaipeleka kwenye hadithi za nyumbani. Kwamba babu mzaa babu alitoka Omani na mke wake wa heshima katika jahazi moja, nani alisema? Kapokea kwa nani? Mtu angeuliza hivyo barazani angeonekana hana adabu.

Jioni tuliketi meza moja na mama Mmarekani Mweusi, mwalimu mstaafu. Alikuwa amefika 1870 na amesimama hapo miaka mitatu. Akanieleza kuwa sensa ya mwaka huo ndiyo ya kwanza kuwaandika kwa majina wengi waliokuwa watumwa. Katika sensa za 1850 na 1860 kulikuwa na orodha ya watumwa yenye umri, jinsia na rangi, wote chini ya jina la bwana wao. Mwanamke, miaka 23, mweusi. Mtoto wa kiume, miaka 4. Yeye anaamini mtoto wa miaka minne katika shamba moja la Georgia ni babu ya bibi yake, na alikuwa na nakala ya ule mstari, ameukunja ndani ya bahasha. Njia iliyobaki, alisema, ni kumtafuta bwana: wosia wake, madeni yake, hesabu ya mali aliyoacha. Kinyaa kinamshika kila anaposoma, lakini jina la mtu wake, kama lipo, lipo humo, kati ya ng'ombe na vyombo vya jikoni.

Halafu akaniambia, bila wivu, "Ninyi mna bahati. Ninyi mnajua mlikotoka."

Nikasema, "Ndiyo, tunajua." Nikakumbuka ile sehemu nyeupe, nikanywa maji.

Nilirudi nyumbani 2016. Shangazi yangu, ambaye ni binti wa babu huyo, alikuwa na miaka kama 76. Nikaketi naye siku tatu uani, simu inarekodi. Siku ya kwanza akanipa jahazi la Omani na mke wa heshima, akaipamba kuliko nilivyowahi kuisikia. Siku ya pili nikakumbuka nasaha nyingine iliyomo katika lile faili: usiulize watu, uliza vitu. Nani alilala chumba kipi. Chakula cha nani kilipakuliwa mwisho. Nani kazikwa wapi.

Nikauliza la mwisho.

"Baba yao yupo pale msikitini," akasema. "Mkewe yupo ubavuni mwake."

"Na bibi yako? Mama yake babu?"

Shangazi alikuwa anachambua mchele. Vidole vikasimama. "Yule yupo ng'ambo. Bweni."

Bweni ni upande wa pili wa mto. Kutoka pale uani unaiona.

"Kwa nini ng'ambo, shangazi?"

"Zima simu yako, mwanangu."

Nikazima. Aliyoyasema yalikuwa machache, na nimeyaandika usiku uleule kwa kuwa ndivyo nilivyofundishwa, nikiweka alama kuwa hayakurekodiwa. Bibi alikuwa suria. Aliletwa mtoto mdogo, akakulia jikoni, akazaa na bwana wa nyumba mtoto mmoja wa kiume. Jina lake lilikuwa la kupewa, moja ya yale majina ya vitu vizuri waliyopachikwa wanawake wa namna yake, kama Zafarani au Faida. Lake lenyewe silitaji hapa, shangazi bado anafikiria kama litajwe. Jina alilozaliwa nalo hakuna aliyelijua. Shangazi alilelewa mgongoni kwake. Akiwa mzima bibi alisema Kiswahili cha Pangani kama mtu yeyote. Akipandwa na homa alisema lugha nyingine, na shangazi, akiwa na miaka saba au minane, alikuwa akitumwa kumpelekea maji, kwa sababu yeye ndiye aliyejua kwamba bibi akisema "mesi" anataka maji.

Nilimuuliza baadaye rafiki mmoja wa Tunduru. Akasema kwao, kwa Wayao, maji ni mesi. Hilo halithibitishi kitu. Ni neno moja, limekaa zaidi ya miaka sitini katika kumbukumbu ya aliyekuwa mtoto, na lugha za kusini ni jamaa. Lakini inajulikana kuwa baada ya biashara ya watumwa kwa bahari kupigwa marufuku Unguja mwaka 1873, misafara iligeukia nchi kavu, ikatembea kutoka Kilwa kupanda kaskazini hadi Pangani. Njia ilikuwepo, na mazoea ya njia hayafi kwa amri moja. Nimeiandika kwa penseli.

Kilichonisumbua zaidi ni umri wa babu. Shangazi alisema baba yake alikuwa akisimulia kwamba habari za vita vya Tanga zilipofika Pangani, yeye alikuwa ameng'oka meno mawili ya mbele. Vita vile vilikuwa Novemba 1914. Mtoto aliyeng'oka meno ya mbele ana miaka sita au saba, kwa hiyo babu alizaliwa 1907 au 1908. Tarehe hiyo ina uzito. Mjerumani hakuufuta utumwa katika koloni lake. Alitoa hati za uhuru kwa mmoja mmoja, akaamuru kuwa watoto wa watumwa watakaozaliwa baada ya Desemba 1905 wawe huru, na akaondoka akiacha hivyo, mpaka Mwingereza alipoufuta kisheria 1922. Unguja nako, amri ya 1897 iliwapa watumwa haki ya kudai uhuru mahakamani lakini masuria wakawekwa kando hadi 1909. Babu, kwa meno yake mawili, alikuwa huru hata kwa sheria ya Mjerumani, hata kama baba yake angemkana.

Na hakumkana. Katika kasha la shangazi kulikuwa na hati ya kuuziana minazi sita, imeandikwa 1934 kwa herufi za Kiarabu. Nilimpelekea mwalimu wa chuo anisomee. Muuzaji ni mtoto mkubwa wa yule mke wa msikitini. Miongoni mwa mashahidi yupo babu yangu, ametajwa kwa jina la baba yake, na mbele yake limeongezwa neno moja: nduguye. Hakuna aliyeitunga hati ile ili kuthibitisha nasaba. Walikuwa wanauziana minazi. Ndiyo maana naiamini kuliko hadithi zote za jahazi, maana aliyeiandika hakuwa akimjibu mtu swali hilo.

Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa pwani yetu na karibu nayo kati ya takriban 1250 na 1800, Kilwa, Manda, Mtwapa na kwingineko. Kwa wengi wao, upande wa Asia, hasa Uajemi, uliingia zaidi kwa wanaume, na upande wa Afrika zaidi kwa wanawake. Nilipousoma nilikuwa nimekwisha kuona jambo hilo kwenye karatasi ya bibi mwenye miwani, mlolongo wa "bin" hadi ng'ambo ya bahari, na kwa mama peupe. Wale wanaosema waliojiita Washirazi, watu wa asili ya Uajemi, waliongopa, wameaibishwa. Wale wanaosema sisi ni Washirazi na si kingine, nao wameaibishwa, na ningependa waaibike zaidi kidogo.

Basi kikao cha pili. Nilikwenda na faili la kijani. Nikasoma hati ya 1934, neno kwa neno, na nani aliyenisomea. Yule mama wa karibu na mlango akasema karatasi ni karatasi, na suria ni suria. Sikuwa na haja ya kujibu. Mzee aliyeongoza, ambaye nilidhani yuko upande wa waliosema watatu, akakohoa akauliza kama kuna mtu hapo anayejua Sayyid Barghash aliyetawala Unguja alikuwa mtoto wa nani. Kimya. "Wa suria," akasema. "Watoto aliowaacha baba yake, Sayyid Said, wote walikuwa wa masuria. Mtoto aliyekubaliwa na baba yake anarithi kama ndugu zake, na kadhi yeyote atakwambia hivyo. Andika wanne."

Nikaandika wanne. Fomu ilitaka majina ya warithi, haikutaka ya mama zao, na mhuri ukagongwa. Hisa yetu ya shamba, baada ya kugawiwa watoto na wajukuu, inakaribia bei ya baiskeli.

Shangazi hakuhudhuria. Sasa ana miaka 85 na magoti hayamtii. Nilipompelekea habari alisikiliza yote, akauliza kama mnunuzi ni mtu mwema, kisha akasema Jumapili nimvushe Bweni. Na iwe kwa mtumbwi, maana ndivyo maiti ilivyovushwa.

Tulivuka asubuhi, maji yakiwa yametulia. Alinishika bega njia nzima. Yeye hakuwepo mazikoni, wanawake hawaendi. Alionyeshwa na baba yake mwaka uliofuata, akiwa na miaka kumi au kumi na moja, chini ya mwembe. Mwembe haupo. Tulizunguka kwenye majani makavu karibu nusu saa, yeye akipima kwa kuutazama mji upande wa pili, akitafuta uani kwao. Nikatoa daftari: Bweni, Jumapili, saa tatu na nusu asubuhi. Msemaji shangazi, kapokea kwa baba yake. Amesema ni hapa, penye mashina mawili ya mkorosho. Baada ya kitambo amesema huenda ni pale, hatua 20 kuelekea mtoni.

"Umeandika?" akauliza.

"Nimeandika pote pawili."

Akaniomba chupa ya maji niliyokuwa nimebeba. Akamimina nusu hapa, nikamshika mkono tukatembea zile hatua 20, akamimina iliyobaki pale.